Mtazamaji wa Mwisho wa Babu Mkanda

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae. Leo tunalikumbuka jumba la sinema la mtaa wetu, na mzee aliyeondoka nalo. Tulimwita Babu Mkanda. Ndiye aliyeendesha mashine ya filamu tangu jumba lilipofunguliwa hadi lilipofungwa.

Enzi zile, jamani, kupata kiti ilikuwa kazi! Filamu ikikatika, ukumbi mzima unapiga kelele: "Babu, umelala?" Naye anatoa kichwa kwenye kidirisha cha juu: "Tulieni, naunga! Mnadhani hii kamba ya viatu?" Watu hoi kwa kicheko.

Zikaja televisheni, zikaja simu. Viti vikabaki vitupu. Mwenye jumba akatoa amri: mashine haiwashwi bila mtazamaji, na siku ikipita bila onyesho, jumba linafungwa. Narudia, msikie vizuri. Mtazamaji mmoja alitosha.

Basi mmoja huyo akawa mke wa Babu Mkanda. Kila jioni alifunga genge lake la mboga, akaja kukaa safu ya mbele. Filamu ileile. Binti yao anasema: "Mama alikuwa anasinzia tu pale. Ila kukosa? Thubutu!"

Halafu mama akapata kiharusi. Binti akabaki naye wodini. Babu Mkanda akatoka hospitali mbio, akasimama mlangoni pa jumba, anashika wapita njia mikono. "Mwanangu, ingia ukae. Usiangalie hata. Kaa tu." Mwenyewe hakuweza kukaa, mashine angemwachia nani? Msimamizi aliyetumwa na mwenye jumba amesimama pembeni, anasubiri saa ya onyesho ipite afunge. Wengine walisema, kesho, babu. Wengine walidhani kachanganyikiwa. Hakuingia mtu.

Asubuhi mlango ulikuwa na kufuli. Tangu hapo mzee hakula vizuri, hakusema sana. Juzi akatutoka.

Jana tumemzika. Watu walifurika hadi barabarani. Binti yake akaniuliza: "Kaka, hawa wote siku ile walikuwa wapi? Baba alikuwa anamtafuta mmoja tu." Imeniuma, siwafichi.

Poleni sana wanafamilia. Nanyi wasikilizaji wapendwa, jioni ya leo mtu akikushika mkono njiani, simama kwanza umsikilize.

Mama yupo nyumbani sasa. Hawezi kusema. Kifo cha mumewe anakijua, amemlilia. Lakini jumba kufungwa, hakuna aliyethubutu kumwambia, na kila ikifika jioni anaonyesha viatu vyake, avalishwe, awahi.