Bi Nyaya na Printa ya Masjala

Ndugu waombolezaji, dada yetu, ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa jina la Bi Nyaya, alizaliwa tarehe 14 Machi 1963 katika nyumba za watumishi nyuma ya kituo cha reli, mtoto wa pili wa fundi saa na mshona nguo, na tangu aanze kutembea hakuna kitu chenye skrubu kilichopona mikononi mwake.

Alimaliza sekondari mwaka 1980, akajiunga na chuo cha ufundi, akiwa msichana pekee katika darasa la umeme, akahitimu Novemba 1983 akiwa wa tatu, jambo alilolilalamikia hadi mwaka huu.

Tarehe 2 Mei 1988 aliajiriwa kuwa fundi wa hospitali kuu. Kufikia 1993 hospitali ilikuwa na kompyuta tatu za aina tatu, zilizotolewa na wafadhili watatu ambao hawakuulizana, moja masjala, moja maabara, moja duka la dawa, na printa moja tu, iliyokaa masjala chini ya ulinzi wa karani aliyeifunika kitambaa kila jioni. Majibu ya maabara yalinakiliwa kwa mkono, na mwezi Februari tarakimu moja iliyokosewa nusura impeleke mama mmoja kwenye upasuaji asiouhitaji, ndipo Bi Nyaya akaapa kwamba kompyuta zote tatu zitatumia printa ile, naye mganga mkuu akampa hadi tarehe 31 Machi, la sivyo mradi ungefutwa.

Alipitisha nyaya darini mwenyewe, akaandika programu ya kuzipatanisha mashine zisizoelewana, lakini kwa siku tisa kila maabara ilipochapa mara moja, iligoma mara tatu, akalaumu nyaya, panya, hata kitambaa cha karani. Ni karani huyohuyo, asiyejua kompyuta hata chembe, aliyegundua kwamba duka la dawa wakizima mashine yao, maabara inachapa bila shida. Bi Nyaya alipokagua akakuta kwamba, kwa uchovu, amezipa mashine hizo mbili namba ileile ya utambulisho, mtandao ukawa haujui nani ni nani, akaibadilisha moja, na tarehe 29 Machi, saa nne asubuhi, majibu ya kwanza yakatoka safi, wauguzi wakapiga makofi.

Tarehe 11 Juni 1994 alifunga ndoa na karani huyo, shemeji yetu aliyekaa hapa mbele, ambaye hachoki kukumbusha nani alimwonyesha nani kosa, wakajaliwa mabinti wawili, mwaka 1995 na 1998.

Julai mwaka huu alianza kuugua tumbo, akalazwa hospitali ileile, wodi namba tano, na tarehe 3 Septemba daktari akasita mlangoni na karatasi ya majibu, asijue aanzie wapi, Bi Nyaya akanyoosha mkono akaichukua, akaisoma yote mwenyewe, kisha akamwambia binti yake mkubwa, “Si mazuri, mwanangu, lakini ni ya kwangu kweli, na yanasomeka.” Alifariki tarehe 19 Oktoba asubuhi, mabinti wote wawili wakiwa wamemshika mikono, na imetuuma sana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba tano, majirani waliotupikia wiki nzima, na mafundi kumi na wanne aliowafundisha, ninyi mliochelewa kufika leo kwa sababu mlikuwa mkimalizia kuunganisha wodi mpya ya watoto na mtandao wa hospitali, maana marehemu asingewasamehe kama mngeiacha nusu. Pumzika kwa amani, dada, watoto wa wodi ile watapata majibu yao leo.