Muhuri Niliokataa Kugonga

Akina mama, mlionizoea mnajua mie si muongeaji. Ila wageni wetu wameuliza kikundi hiki kiliniokotaje, basi nisikilizeni.

Mie mhandisi. Kampuni yangu ndogo, hapa hapa Gongo la Mboto, ilishinda zabuni ya serikali ya kuchora wodi ya wazazi ya mtaa wetu. Mlipiga vigelegele! Kwenda kukagua kiwanja, nikakuta udongo mweusi, ule unaovimba kwa mvua na kupasuka kwa jua. Nikaomba upimwe kwanza.

Nikaitwa ofisini. Michoro mezani, wakubwa wawili wamenikazia macho.

"Mhandisi, mgeni rasmi anakuja kuweka jiwe la msingi. Gonga muhuri, udongo tutapima mkandarasi akishaingia."

Muhuri wangu ulikuwa kwenye mkoba. Niliushika, nikauachia, maana nikikataa sina kazi.

"Samahani wazee wangu. Nyumba ya kuzalia siigongei muhuri kwa kubahatisha."

Mkataba ukasitishwa, mradi ukasimama, ofisi nikafunga. Lakini ndugu zangu, nawaambia, kilichoniumiza zaidi ni nyie. Salamu zilikauka. Nikasikia, "Ametunyima wodi, anaringia usomi wake." Nikawa napita njia ya nyuma, simwelezi mtu. Kisha mwenzetu mmoja akashikwa uchungu, akajifungulia kwenye bajaji kabla hajafika hospitali. Nililia sana siku ile. Nilijiona mie ndimi niliyemfanyia hayo.

Kikao kilichofuata nilikuja kuaga, nijitoe. Nikasimama, nikaeleza habari ya udongo. Ndipo mama yule akainuka, kichanga kifuani.

"Aliyezaa kwenye bajaji ni mie, si nyie. Na wodi ya kuniangukia siitaki. Twendeni tukadai udongo upimwe!"

Mkaenda na khanga zenu, mkajaza mabenchi ya ofisi ya wakubwa wale, mkagoma kutoka mpaka mkaahidiwa. Wapimaji wakaja, wakachimba. Udongo mweusi ulikuwa na kina kirefu kweli kweli, msingi wa mwanzo usingehimili. Nikarudishiwa kazi, msingi nikauchora upya, na muhuri nikagonga mkono umetulia.

Asanteni sana, wenzangu. Mficha uchi hazai. Ukiwa na jambo zito, liseme kwa watu wako mapema, usipite njia ya nyuma kama mie.

Na wewe mama bajaji, usijifiche, tumbo nimeliona. Safari hii wodi imeshajengwa, iko wazi hapa hapa mtaani, utakwenda kwa miguu yako.