Marehemu Teopisto Saldua, Aliyemsagia Basilisa Unga Miaka Hamsini na Minne

Ndugu, majirani na marafiki, mimi ni Felicisima, mtoto wa kwanza wa marehemu. Nimeombwa nisome maisha yake, nami nitayasoma yote, pamoja na kosa langu.

Teopisto Saldua, ambaye wengi wenu mlimwita Nong Pisto, alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 hapahapa Tabonan, milimani Dalaguete, kisiwani Sebu, mtoto wa tano wa Eleuterio na Maura Saldua. Alisoma hadi darasa la nne. Shule ilikuwa mwendo wa saa mbili, na mvua ilipoibomoa njia hakurudi tena. Alilima mahindi meupe na kabichi maisha yake yote, na utani wake mnaujua, maana hakuna aliyesalimika.

Juni 1964 alimpenda mama yetu, Basilisa Entero. Siku hizo aliyetaka binti wa watu alikwenda kwanza kuwatumikia wazazi wake. Babu yetu, mzee Crispulo, alimkalisha kwenye mashine ya chuma ya kusagia kwa mkono, iliyofungwa kwenye benchi jikoni, akamwonyesha gunia la mahindi: likiisha, awalete wazee wake wazungumze. Gunia halikuisha. Baba alisaga miezi kumi na mmoja, viganja vikaota sugu, na babu akawa anawaambia majirani kwamba kijana ni mzuri, ila mvivu. Kumbe mama ndiye aliyekuwa akilijaza kila baba alipoondoka! Alipobanwa alikiri: aliogopa kwamba kazi ikiisha na wazee wasielewane, hatamwona tena.

Walifunga ndoa tarehe 22 Mei 1965, na mashine wakapewa. Tangu hapo mama hakusaga hata kibaba kimoja. Baba alimsagia kila asubuhi, na meno ya mama yalipoanza kung'oka, akawa anaurudia unga mara ya pili ili uwe laini.

Februari 2019 kiharusi kilimpiga upande wa kulia. Alipopata nafuu alirudi kwenye benchi, akasaga kwa mkono wa kushoto. Septemba alianguka pale akapasuka kipaji cha uso. Nilikuja kutoka mjini na hasira zangu, nikafungua parafujo, nikaondoka na mashine, nikawaachia unga wa paketi. Nilidhani namhurumia. Baba hakunigombeza. Baada ya wiki alipiga simu, nikamuuliza kama mama anaula ule unga. Akaniambia anaula.

"Basi sasa amshukuru mwenye duka," akasema. "Mimi humu ndani siku hizi ni mgeni."

Nilicheka, nikidhani ni utani wake uleule. Jumanne, tarehe 5 Novemba, mama naye akapiga simu.

"Mwanangu, baba yako akishaoga anakwenda kukaa kwenye benchi tupu mpaka saa sita. Mrudishie kitu chake. Akianguka, tutamwinua."

Nikasema nitakuja nayo Jumapili. Baba alifariki Ijumaa, tarehe 8 Novemba 2019, saa mbili asubuhi, akiwa amekaa palepale. Alikuwa na miaka sabini na minane. Mbele yenu wote namwomba radhi, na ninajua nimechelewa.

Ameacha mjane, Basilisa. Watoto watatu, mimi, Rodulfo na Anecito. Na wajukuu saba. Leo asubuhi niliifunga mashine mahali pake, nikasaga. Kibaba kimoja tu mkono ukafa ganzi, na unga wenyewe ulikuwa chenga tupu. Nikampikia mama uji. Ameunywa polepole mpaka bakuli likaisha, na nilipomwambia asijilazimishe, alinishika mkono.

"Hata wa baba yako ulianza hivihivi," akasema. "Kesho utasaga tena."

Mungu ampokee Teopisto Saldua, baba yetu, na ampe mapumziko yenye amani.