Shuka Kati Yangu na Mkwe Wangu

Hilo dirisha liacheni wazi, wazee. Najua kuna baridi, leo hapa Keroka ni kama baridi imeletwa na lori ikamwagwa. Lakini huu ni mkutano wa sisi watu wa kifua kikuu, na sisi hatufungi dirisha. Anayetetemeka amkaribie huyu mama mnene wa mbele, ana joto la kutosha kanisa mbili. Mama, nakusifu, usininunie.

Ndugu zangu, mimi sijasoma. Shule niliiona kutoka barabarani nikichunga ng'ombe. Kwa hivyo sitawaambia mambo ya vitabu, nitawaambia mambo ya kitanda. Na nitaongea Kiswahili kwa sababu kuna wageni wametoka upande wa Kericho, na hawa wauguzi wetu si wa hapa. Jina la mtu sitaji. Walio hai wanivumilie, na waliokufa walishazoea kelele yangu.

Ugonjwa ulinishika ile miaka uhuru bado mpya, chai yangu pale Ekerenyo ndiyo imeanza kuchumika. Nilikohoa, jameni! Nilikohoa mpaka ng'ombe wa jirani akakataa kutoa maziwa. Nikakonda, nikawa nikisimama karibu na ukuta pale penye majembe, mtu anakuja ananishika mimi anataka kwenda kulima. Cheka, cheka tu. Wakati huo hakuna aliyecheka. Jioni nilikuwa natema damu kwa jani la ndizi, nalikunja, nalificha mama watoto asione. Na yeye alikuwa anaona.

Ndiye alinipeleka hospitali. Muuguzi akanionyesha kitanda, kimoja tu kilichobaki, upande wa wagonjwa wazito. Nikavaa ile nguo yao, ile ambayo mbele iko na nyuma serikali ilisahau kumalizia. Nikaenda nimejishika nyuma. Nikainua macho niangalie jirani yangu ni nani.

Alikuwa baba ya mke wangu.

Nyinyi wa hapa mmeshika midomo, naona. Wageni, ngoja nieleze. Sisi Wagusii tuna kitu tunaita chinsoni, ni ile heshima na aibu ya watu na wakwe wao. Baba ya mke wako hamlali nyumba moja. Hakuoni bila nguo na wewe humwoni. Kitanda chake hata hukiangalii. Mzee wangu wa Birongo, tangu nioe binti yake, nilikuwa namsalimia nimeangalia viatu vyake. Viatu vyake nilivijua kuliko uso wake. Nilijua alikuwa anakohoa, lakini kwamba amelazwa hapo, hapana. Nani alimpa nani ule ugonjwa, Mungu anajua.

Nikamwambia muuguzi, "Sista, hapa siwezi lala."

"Kwa nini?"

"Yule ni mkwe wangu."

"Si vizuri? Mtapiga stori."

Stori! Nikamwomba kitanda kingine. Akaniambia wodi ya wanaume ni hii moja, kama sitaki niende nikalale na akina mama. Huyo hakuwa Mgusii, alikuwa anaona mimi ni mjeuri tu.

Basi tukalala hapo, mimi nimegeukia huku, yeye amegeukia kule, kama watu wawili wamegombania shamba. Nilikuwa navaa koti langu ndani ya blanketi. Kikohozi nilikuwa namezea. Jaribu siku moja kumeza kikohozi cha kifua kikuu, ni kama kumeza jogoo mzima na anapiga mbawa. Na mama watoto akija na chupa ya uji wa wimbi, anasimama katikati ya vitanda hajui ageukie nani. Akimgeukia baba, mume yuko nyuma. Akinigeukia mimi, baba yuko nyuma. Siku nyingi alikuwa anauongelesha mlango.

Lakini kilichotaka kuniua ni sindano. Kila asubuhi muuguzi anasukuma kigari chake, na sindano yenyewe si ya mkono. Hapana. Unageuka, unafunua, unachomwa pale pa kukalia. Mbele ya baba ya mke wangu! Ndugu zangu, nawaambia, heri simba. Nikisikia magurudumu ya kigari, mimi niko chooni. Nakaa huko mpaka kigari kipite. Nikirudi natukanwa. "Nyinyi wanaume wakubwa mnaogopa sindano!" Daktari akasema nikiendelea hivyo atanirudisha nyumbani nikafie huko. Nikaanza kufikiria ni upande gani wa nyumba watanichimbia kaburi, na kama ile migomba itakatwa.

Sasa, hapo wodini kulikuwa na mama mmoja tulimwita Mama Stuli. Hakuwa muuguzi. Hakuwa daktari wa dawa. Walisema alikuwa amesomea mawazo ya watu na roho zao, kazi yake ni kukaa na mgonjwa na kuongea. Anabeba stuli yake ya mbao, anaiweka kando ya kitanda, anakaa. Na tulimwogopa kuliko mochari! Kwa sababu alikuwa anaanza na wale wamezidiwa kabisa, na wale wamezidiwa si mnajua mwisho wao. Wodi nzima tukafanya hesabu yetu ya kijinga, kwamba stuli ikiwekwa kwako, umekwisha. Akiingia tu, wanaume wote wanakoroma saa nne ya asubuhi. Kulikuwa na mzee mmoja alikoroma na uji bado uko mdomoni, karibu azame.

Siku moja nimefunga macho, nakoroma vizuri sana, nikasikia stuli. Tok. Kufungua jicho moja, naona imewekwa katikati. Kati yangu na mkwe.

Nikajiuliza, amekuja kwa nani? Na kule ng'ambo mzee pia ameacha kukoroma. Anajiuliza vile vile.

Yule mama akainama akaniambia polepole, "Baba, najua hujalala. Hakuna mtu anakoroma na kope zinacheza."

Nikamwambia, "Mama, kama ni kufa, niambie tu. Usinizungushe."

"Sijui kama utakufa," akasema. "Sitakudanganya kwamba hutakufa. Lakini hiyo dawa huipati, na nimekuja kujua ni kwa nini."

Mnaona? Wengine wote walikuwa wananiambia utapona, utapona, umenona, hata uso una rangi. Uongo! Nilikuwa na rangi ya majivu. Huyu wa kwanza hakunidanganya. Nikashindwa kujizuia. Nikamnong'oneza mambo yote, nguo, choo, sindano, mkwe. Nilikuwa nangoja acheke. Hakucheka. Akauliza, "Hiyo aibu ikitoka katikati, dawa utakubali?" Nikasema hata wanichome kwa jicho.

Akageuza stuli upande ule. Wakanong'ona na mzee, muda mrefu. Baadaye nikamuuliza, amesema nini? Akakataa. "Yako ni yako, na yake ni yake. Ukitaka kujua, utamuuliza mwenyewe."

Kesho yake akaja na kamba na shuka. Akapigana na wauguzi, tukamsikia huko nje akisema hawa watu hawaogopi sindano, hawa watu wanaheshimiana. Shuka ikafungwa, kutoka dirishani mpaka kwa msumari wa mlango. Na mimi nikavua koti. Nikakohoa, wacha nikohoe! Nilikohoa ya mwezi mzima.

Nikasikia sauti ng'ambo ya shuka. "Mkwe."

"Naam, tata." Kwetu tata ni baba.

"Unakohoa kama mbuzi amekwama kwa waya. Hiki ndicho kifua nilimpa binti yangu?"

Wodi nzima ikacheka. Mimi nikalia. Tangu nioe, mzee hakuwahi kunitania. Nikamuuliza, "Tata, wewe wakati wa sindano ulikuwa unaenda wapi?" Akasema, "Nyuma ya jikoni, kwa kuni." Kumbe! Mimi chooni, yeye kwa kuni. Watu wazima wawili tunaheshimiana mpaka kaburini.

Tukaanza kuchomwa, kila mtu upande wake. Na tukaanza kuongea. Ile shuka ilitupa midomo. Mama Stuli alikuwa anaweka stuli yake pale shuka inapoishia, mguu wake mmoja huku, mmoja kule, anauliza kidogo, ananyamaza sana. Mzee akaniambia vile anaogopa usiku kuliko mchana. Mimi nikamwambia naogopa watoto watamwita nani baba nikifa. Maneno hayo mwanamume hasemi, hata kwa mama watoto sikuwa nimesema.

Ningetaka kuwaambia mzee alipona, tukatoka tumeshikana mikono. Mimi napenda kuongeza chumvi, lakini hapo chumvi imeniishia. Dawa yake ilikuwa imechelewa. Mapafu yalikuwa yameshaliwa. Daktari alimwita mama watoto nje, na akirudi ndani aliuongelesha mlango tena.

Asubuhi moja kigari kikaja kwangu. Nimegeuka, niko tayari. Mzee akaita, sauti kama karatasi.

"Mama, toa hiyo shuka."

Muuguzi akasimama. Mimi nikasema, "Tata, hapana. Niko vibaya, nimefunua."

"Najua uko vibaya. Toa."

Mama Stuli alikuwa hapo. Hakutoa. Aliniuliza mimi kwanza, "Baba, unasemaje?" Nikatingisha kichwa, ndiyo. Akaivuta.

Mzee alikuwa amegeuka ananiangalia. Uso wake, ndugu zangu, ndiyo mara ya kwanza nauangalia kabisa. Macho yalikuwa makubwa, yamebaki macho tu. Akasema, "Nikifa bila kuona, nitakuwa nafikiria unatoroka kama mimi. Binti yangu hana mwingine. Mchome niangalie."

Nikachomwa. Mkwe wangu anaangalia, na mimi namwangalia. Sikuona aibu. Mpaka leo natafuta ile aibu ilienda wapi. Sindano ikatoka, mzee akasema, "Sasa nimeona. Rudisha shuka, huyu mtu ni mbaya huko nyuma."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Jumamosi, Wasabato wakiwa wanaimba kanisani ng'ambo ya barabara, nilisikia upande wa pili kumenyamaza.

Kuzikwa kwake Birongo sikwenda, sikuweza kusimama. Nikageukia ukuta. Chakula nikakataa. Sindano zilikuwa zinanichoma, lakini zilikuwa zinachoma gogo. Mama Stuli akaja akakaa, hakusema kitu. Kesho yake vile vile. Halafu siku moja akasema, "Mimi huyo mzee nilimjua akiwa amelala tu. Niambie akiwa amesimama alikuwa namna gani." Nikasema nilimjua viatu peke yake. Akasema, "Basi niambie viatu." Nikaanza na viatu. Nikasema vilikuwa vikubwa, kuku angetagia ndani akasahau njia ya kutoka. Nikajisikia nacheka, nikajisikia nalia, na uji ukaingia.

Sikupona kama mnavyofikiria. Pafu moja halifanyi kazi, nikipanda kilima cha Ekerenyo napumzika kwa kila mgomba. Kuna asubuhi naamka sitaki kuamka. Sitawadanganya.

Lakini nashukuru. Nawashukuru wauguzi, hata yule wa kunitukana. Namshukuru mama watoto, yuko pale amefunika uso na leso, haya ya sindano ni leo anayasikia. Mama, baba yako aliniangalia kwa sababu yako. Na Mama Stuli, popote alipo, Mungu ampe kiti chenye mgongo, amekaa kwa mbao sana.

Nyinyi wenye wagonjwa, msimwambie mtu amenona na ana rangi ya majivu. Muulizeni ni nini kinamzuia, halafu mnyamaze ajibu. Na wewe unaumwa, umekaa huko nyuma karibu na mlango, nimekuona tangu nianze, unameza kikohozi kwa sababu wakwe wako wamekaa mbele yako. Kohoa, ndugu. Dirisha liko wazi.