Sista Etalemahu na Alama Tisini na Tano za Bi Toyba

Tarehe 30 ya mwezi wa Sene, kwa kalenda yetu ya Ethiopia, Sista Etalemahu Wubshet atakabidhi funguo za chumba namba nne, baada ya miaka thelathini na sita ya utumishi katika kituo chetu cha utengamao hapa Dessie. Nimefanya naye kazi miaka tisa ya mwisho, ndiyo maana nimeombwa niandike wasifu huu. Nimekubali kwa moyo mmoja, ingawa najua kalamu yangu haimfikii.

Alianza kama muuguzi wa wodi ya mifupa. Baadaye alipelekwa kusomea tiba kwa vitendo, ile ya kumrudisha mgonjwa kwenye shughuli zake za kila siku, akarudi na cheti, masanduku mawili ya vifaa na imani kubwa katika vijiti vya kuchomeka kwenye ubao. Imani hiyo haikudumu. Mzee mmoja mfugaji alichomeka vijiti vyote ishirini, kisha akamuuliza, "Sasa binti yangu, hivi vijiti vitaanza lini kula majani?" Tangu siku ile Sista akawa anawapima wagonjwa majumbani kwao, na nyuma ya kila fomu akaongeza kwa mkono maswali ambayo hayakuchapishwa: Wiki hii ulikwenda kwa nani? Nani alikuja kwako? Mlifanya nini?

Kazi ya namna hiyo huku kwetu ina gharama zake. Huondoki kwa mtu kabla jebena, birika letu la udongo la kahawa, halijamimina kikombe cha tatu, kile cha baraka, na Sista hakuwahi kuondoka kabla yake. Dereva wetu Kasaye, akichomwa na jua nje, alikuwa akinung'unika, "Huyu mama anapima wagonjwa au anapima majebena?"

Mimi nilifumbuliwa macho na suala la Bi Toyba Hassen. Ameniruhusu kulieleza kwa sharti moja, kwamba niandike wazi kuwa kahawa yake haijawahi kuungua hata punje. Nimeandika. Mwaka jana alipata kiharusi, mkono wa kulia ukalegea. Miezi saba baadaye nilimpima: anavaa mwenyewe, anaoga mwenyewe, anakula, anapanda ngazi. Alama tisini na tano kwa mia. Nilimpelekea Sista jalada ili atie saini lifungwe, huku nikijiona bingwa.

Hakutia saini. Aliniuliza, "Seid mwanangu, huyu kahawa anakunywa kwa nani?" Nikaanza kupekua jalada. Akachukua shali yake. "Haya, twende tukajue."

Tulikuta nyumba safi, na jebena iko juu ya kabati, kavu, imeshika vumbi. Bi Toyba alitukaribisha kwa chai. Mwanamke wa Dessie kumpa mgeni chai tupu! Sista akanitupia jicho, nami nikaanza kuelewa. Kwa zaidi ya miaka ishirini, Bi Toyba na majirani zake watatu walikuwa wakipokezana kahawa, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Baada ya kuugua alijaribu zamu yake mara moja. Mkono ukatetemeka, kahawa ikamwagika kwenye sinia, na wote wakajifanya hawakuona.

"Bora wangenicheka," alituambia. "Basi nikaacha kwenda. Nitakunywa kwao mpaka lini, na wao hawanywi kwangu? Mimi si mtoto wa kunyweshwa." Binti yake alitaka kumsaidia kumimina, akamkatalia katakata: "Kwangu namimina mimi." Ilikuwa miezi mitano hajavuka lango lake. Hata mazishi ya mtaani hakwenda. Nilikuwa karibu kumfungia jalada mtu ambaye alikuwa anapotea kabisa, na aibu ile bado ninayo.

Sista na Bi Toyba walianza mazoezi kwa jebena yenye maji. Mkono wa kushoto uliweza bila shida, lakini nani humpa mgeni kitu kwa kushoto? Siku ya sita Sista aliuchukua mkono huo wa kushoto akauweka chini ya kiwiko cha kulia, vile tufanyavyo sote tunapompa mzee kitu kwa heshima. Mkono ukatulia. Bi Toyba akajaza vikombe sita bila tone kuanguka. Nimewapa watu vitu kwa namna hiyo tangu utotoni, na sikuwahi kuona kwamba ndani yake mna dawa. Nilishangaa, na mpaka leo sijamaliza kushangaa.

Ijumaa iliyofuata akawaita majirani. Nyasi mbichi zilitandazwa sakafuni, ubani ukafuka. Kwenye kikombe cha kwanza mkono ulisita. Kisha kahawa ikashuka, nyembamba na iliyonyooka, mpaka kikombe kikajaa. Jirani yake Bi Aselefech, ambaye mdomo wake hauna breki, akadakia, "We Toyba! Heshima zote hizi, mikono miwili! Mimi nimekuwa askofu lini?"

Nyumba nzima iliangua kicheko, Bi Toyba akiongoza. "Kunywa huko! Askofu gani ana mdomo kama huo? Haya, kesho zamu ya nani?"

"Kwangu," alisema Bi Aselefech, akifuta machozi kwa ncha ya shali. "Na usinicheleweshe."

Hapo ndipo Sista alipotia saini.

Jumatatu yake nilitoa kabatini majalada thelathini na saba niliyokuwa nimeyafunga kwa alama nzuri, nikaanza kubisha hodi. Mpaka sasa nimefika kwa watu ishirini na wanane. Kumi na mmoja niliwakuta wamejifungia ndani.

Sista Etalemahu, asante kwa kutufundisha kuuliza. Mungu akujalie afya, miguu isiyochoka na siku zenye watu. Wale tisa waliobaki, niachie mimi.