Mama Kola: Shingo Ilitibiwa, Tumbo Halikuulizwa

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Kola, alizaliwa tarehe 9 Mei 1974 katika vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa kwanza wa kinyozi na mkewe. Alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo kama kiatu. Wakunga walitikisa vichwa. Shangazi yake alimfunga kifuani akaapa kuwa mtoto wa ukoo huu hafi kwa kukosa joto. Hakufa.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1987. Mwaka huohuo baba yake akafariki kwa tumbo, kijana bado. Waliosema vidonda walisema, waliosema mkono wa mtu walisema. Babu naye alikwenda hivyohivyo, na hakuna aliyeunganisha kifo na kifo.

Shangazi akamkalisha kwenye cherehani. Shati lililochakaa shingoni, marehemu aliligeuza kola likarudi jipya. Ila alikuwa na msimamo wake: ukimletea kola, pindo lililofumuka hagusi wala hasemi. "Fundi anayepekua asicholetewa ana lake jambo," alisema.

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1998 na fundi bomba aliyekuwa akileta mashati kila wiki. Siku moja alimuuliza, "Kaka, hiyo shingo ina meno?" Akajibiwa, "Shingo nzima, dada. Anayeumwa ni mwenyewe." Walijaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2008 aliota uvimbe shingoni, kwenye tezi. Ulikuwa saratani; akapasuliwa, tezi ikatolewa, akapona. Daktari akamwambia, "Mama, uvimbe wa aina hii mara nyingi hufuatana na vinyama vya utumbo, na ni ugonjwa wa kurithi. Kwenu kuna waliokufa kwa tumbo? Nataka tukupime."

Alirudi nyumbani akicheka. "Nimempelekea shingo, anataka tumbo! Mimi mtu akiniletea kola, simvui suruali." Nyumba nzima ilicheka. Laiti kicheko kile kingetukwama kooni.

Aliendelea na kidonge chake cha tezi kila asubuhi, mpaka mwaka 2018 alipoanza kupungua na kutoka damu haja kubwa. Kipimo cha kamera kilionyesha vinyama vimejaa utumbo, na kimoja kilikwishageuka saratani na kusambaa. Aliuliza, "Ningekuja mwaka ule?" Daktari akasema, "Huenda tungewahi, mama."

Hakutania tena. Aliwaita mabinti zake na mdogo wake wa kiume: "Msingoje kuumwa. Kapimweni mkiwa wazima." Alifariki nyumbani tarehe 3 Agosti 2019, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume, mabinti wawili, mdogo wake na shangazi aliyemlea. Binti mkubwa amepimwa. Vinyama vimeonekana mapema, na anatibiwa. Binti mdogo amepimwa, hana. Mdogo wake marehemu wa kiume, mjomba wa mabinti hawa, anasema yeye mzima kama chuma, atakwenda msiba ukiisha.

Sikia, mjomba: msiba unaisha leo. Kesho asubuhi shangazi yako atakuwa mlangoni kwako, viatu miguuni, na haketi.

Mama Kola, pumzika salama, mwanetu.