Mara Sita kwa Mgongo Mmoja

Kijiwe chetu kiko nyuma ya maduka ya mbegu, Singida Mjini, pale upepo wa Julai unapokata kona na kumwaga vumbi kwenye vikombe vya watu. Severina, ambaye wote tunamwita Mama Derick, humimina kahawa huku mkono mmoja umeshika kitambaa cha kufunika. Mimi nanyoa nywele kibanda cha jirani, na wateja wakichelewa nakaa na wenzangu kwenye benchi. Kuna Mzee Damiani, mstaafu wa reli wa Itigi, jina lake la kijiweni Mzee Reli. Kuna Gabrieli fundi simu, tunamwita Chaji. Na kuna Calist muuza kuku, tunayemwita Matenga, maana miaka kumi na tisa sasa anapandisha matenga ya kuku wa kienyeji kwenye malori ya Dar. Wiki tatu nyuma tenga moja lilimshinda. Akabaki ameinama katikati ya stendi, kuku wanapiga kelele juu ya mgongo wake, na watu walimtoa pale wakiwa wamembeba vilevile alivyokunjika. Tangu hapo anatibiwa na Daktari Eliana, dada mmoja anayenyoosha migongo na viungo kwa mikono yake, bila sindano wala vidonge.

Jumanne hiyo Calist alifika kwa miguu, wima kabisa, akakaa polepole kama mtu anayetua trei ya mayai.

— Shikamoo, Mzee Reli.

— Marahaba. Leo si siku yako ya tatu kwa daktari?

— Ndiyo. Saa nne. Ila siendi.

Mama Derick akasimamisha birika hewani.

— Huendi kwa nini, baba?

— Nimepona, Mama Derick. Jumamosi nimembeba mjukuu.

Hapo hatukumtania. Mjukuu huyo, Mathayo, alizaliwa wiki ileile mgongo ulipokataa. Wiki mbili nzima Calist alikuwa amelala chali, mtoto analazwa pembeni yake, anamtazama kama anavyotazama taarifa ya habari, bila kugusa. Alipofika kwa daktari mara ya pili ndipo akaweza kumnyanyua. Na Jumapili inayokuja mtoto alikuwa anabatizwa kule Unyambwa, na ukoo ulishapanga kwamba babu ndiye atakayembeba kutoka mlangoni mpaka mbele.

— Sasa kama nimeshambeba, — akasema Calist — mara nne zilizobaki za nini? Kwa nini mgongo mmoja unyooshwe mara sita? Jino linang'olewa mara moja.

Swali hilo lilitosha kutuharibia asubuhi yote. Mzee Reli akavua kofia, akaiweka gotini. Akifanya hivyo ujue ataongelea kazi.

— Nimenyoosha reli miaka thelathini na moja, kuanzia Manyoni mpaka Tabora. Reli ikipinda huinyooshi siku moja. Unaishtua kidogo kwa mtaimbo, unaacha treni mbili zipite, unarudi. Ukiinyoosha yote kwa pupa, inapindia mbele. Mgongo una pingili ngapi?

— Ishirini na kitu, — akasema Chaji.

— Basi. Gawanya kwa sita. Kila siku anashughulika na pingili nne. Hesabu ya genge la reli hiyo.

— Mzee, na treni inayopita kwenye mgongo wake ni ipi? — akauliza Chaji.

— Mkewe anapomtuma sokoni.

Chaji hakuridhika. Kwake yeye kila kitu duniani ni simu.

— Mzee wangu, hapo umenoa. Tatizo la Matenga ni programu. Mgongo una kumbukumbu. Daktari anauset vizuri, jamaa anatoka pale freshi kabisa, usiku akilala mwili unajizima, asubuhi ukijiwasha unarudi kwenye setingi za zamani. Ndiyo maana anarudishwa. Simu ya kichina ndivyo ilivyo.

— Mimi ni wa kichina? — Calist akauliza.

— Mgongo tu. Kwingine uko sawa.

— Daktari mwenyewe alikuambiaje? — akauliza Mama Derick.

Calist akakuna kidevu.

— Alisema misuli yangu imeshika tabia. Miaka mingi nimebeba upande mmoja, kwa hiyo imezoea kuvuta upande mmoja. Akinyoosha leo, kesho inavuta tena kule ilikozoea, ila kidogo. Anarudia mpaka izoee kukaa sawa. Na akanipa karatasi ya mazoezi ya nyumbani.

— Unayafanya?

— Lile la kupiga magoti na mikono chini, unapandisha mgongo kama paka, nilijaribu. Uani kwangu kuku wakaja wote wakanizunguka. Wanadhani namwaga pumba. Jogoo mmoja akanipanda. Nikaacha.

Tulicheka mpaka dereva wa bajaji akazima injini ili asikie. Calist hakucheka. Alisogea karibu, akashusha sauti.

— Kusema kweli kuna jambo linanitisha. Akikubonyeza, mgongo unalia. Ka. Kama kuvunja kuni. Mara ya kwanza nilihesabu, ulilia mara kumi na moja. Mara ya pili ukalia nne tu. Sasa mimi nauliza, nimebakiwa na milio mingapi? Siku ya tatu ukikosa mlio je?

Kila mtu akajigusa mgongo. Hata mimi niliyekuwa nimekaa kimya tangu mwanzo nilijishika kiuno.

— Ile ni hewa, — akasema Chaji. — Hewa imeingia kwenye viungo wakati unabeba matenga. Upepo huu wa Singida unadhani unaishia wapi? Tumejaa upepo sisi. Anautoa kwa awamu. Akiutoa wote siku moja unasinyaa kama mpira.

— Ndiyo maana watu wa hapa ni wembamba, — akasema Mzee Reli. — Wanatoboka wenyewe.

— Mimi naona maumivu yanahama, — nikasema. Sijui kwa nini nilisema. — Daktari akiyatoa kiunoni yanakimbilia begani, akifika begani yako gotini. Mara sita ni za kuyazungushia.

— Kama kufukuza kuku, — akasema Calist, na kwa mara ya kwanza uso wake ulifunguka. — Kuku mmoja unaweza kumkimbiza uani siku nzima.

— Baba yake Rebeka, — Mama Derick akamkatiza Calist kwa jina la bintiye, kwa sauti ya upole — leo asubuhi viatu umevaaje?

Calist akatazama viatu vyake. Vilikuwa vya kamba, vimefungwa vizuri sana, kwa vifundo viwili viwili.

— Mke wangu amenifunga.

— Aha. Na jana?

— Jana nilipandisha tenga moja. Moja tu. Dogo.

Mama Derick alimimina kahawa kwenye kikombe cha mtu mwingine. Calist akawa mdogo pale alipokaa, na nikaona kwamba hakuwa amepona. Alikuwa anaogopa. Aliogopa daktari asije akaharibu hicho kidogo alichokipata, Jumapili afike kanisani amekunjika, mtoto abebwe na mtu mwingine.

Mambo yangeishia hapo kama Mzee Reli asingesimama.

— Usiende. Zile nne zilizobaki tunazimaliza hapahapa. Itigi tulikuwa tunanyooshana wenyewe, mgongo kwa mgongo. Simama.

— Mzee, wewe una miaka sitini na nane.

— Simama, Matenga.

Calist akasimama, kwa heshima tu. Wakageuziana migongo, Mzee Reli akapitisha mikono yake kwenye viwiko vya Calist, akainama mbele ili amnyanyue juu ya mgongo wake. Mnapaswa kujua kwamba Mzee Reli ni mfupi, na Calist ana kilo tisini na zaidi. Miguu ya Calist iliondoka chini kiasi cha kupitisha kijiti cha kiberiti. Kisha tukasikia mlio. Ka.

— Huo si wangu, — akasema Calist.

Mzee Reli alikuwa ameinama, macho chini, anachunguza udongo kwa makini. Chaji akaruka kuwadaka wote wawili wasianguke, akageuza shingo ghafla, na shingo yake ikalia pia, sauti nyembamba zaidi.

— Nisigeuzwe, — akasema Chaji, akitazama duka la mbegu. — Jamani, mtu asinigeuze.

Mama Derick akafunika birika. Akaja, akamchomoa Calist mikononi mwa mzee, akamtazama usoni.

— Saa nne kasorobo. Baba, unaenda kwa daktari, na wagonjwa wako hawa unaenda nao.

Tukaenda. Calist alishika mkono wa Mzee Reli aliyekuwa anatembea huku anaona miguu ya watu tu, akiwaamkia kwa viatu. Mimi nilimwongoza Chaji, ambaye alilazimika kwenda kiubavu ili aone njia. Watu wa bodaboda walitupisha wenyewe. Njiani Calist alinyanyua kofia ya mzee iliyoanguka. Alipiga magoti kwanza, mgongo wima, kama karatasi ilivyomwagiza, na hakujua kama nimemwona.

Niseme mapema kwamba Jumapili alimbeba Mathayo mpaka mbele, polepole, mkewe akimfuata nyuma hatua mbili. Mara zake sita alizimaliza zote, na siku hizi anafanya lile zoezi la paka ndani, mlango umefungwa. Lakini kinachosimuliwa mpaka leo kijiweni ni namna tulivyofika pale mlangoni kwa daktari.

Daktari Eliana alifungua akiwa na daftari mkononi. Akamwona Calist, wima, jasho linamtoka, amemkumbatia mzee aliyekunjika. Akamwona Chaji anayeutazama ukuta. Akaniona mimi, na mkono wangu bado uko kiunoni, tangu asubuhi, sikumbuki kwa nini.

— Karibuni, — akasema. — Mgonjwa ni nani?

Tukatazamana, wale tulioweza.